Khiari ya Kurudisha Chenye Kasoro: Tangu Soko la Ngamia mpaka Yadi ya Magari

Makala hii inahusu mlango mmoja wa Kitabu cha Biashara ambao wanafunzi wetu huupita mbio darsani. Nao ni mlango wa khiari ya kasoro, yaani haki ya mnunuzi ya kukirudisha alichouziwa akikuta kina aibu iliyofichwa. Huupita mbio kwa sababu mifano yake ni ya ngamia, mbuzi na vinu vya maji, wakadhani kuwa ni habari za watu waliokwisha kupita. Lakini huku kwetu Mafia maswali yanayoletwa msikitini baada ya sala yanazidi kuwa ya mlango huu huu, na mengi yake ni ya magari ya mtumba.

Sababu iko wazi. Barabara ya Kilindoni kwenda Utende imetiwa lami, na tangu mwaka 2021 kivuko cha MV Kilindoni kinavusha magari kutoka Nyamisati, kazi ambayo zamani ilifanywa kwa taabu na vyombo vya mizigo. Mtu wa Kirongwe au Baleni aliyeweka akiba ya nazi au ya pweza, pengine pamoja na fedha ya upatu wa mkewe, anakwenda Dar es Salaam, ananunua Noah au Kirikuu yadini au kwa dalali, analivusha, na juma la pili injini inafuka moshi. Akimpigia simu muuzaji, anajibiwa kuwa aliuziwa gari kama lilivyo. Je, ana haki mbele ya sheria ya Mwenyezi Mungu au hana?

Jibu ni kuwa hadaa si za namna moja. Ziko ambazo wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walimpa mnunuzi haki ya kurudisha, na ziko ambazo walimhukumu muuzaji kuwa na dhambi lakini mnunuzi hawakumpa kitu. Na mtu hawezi kujua yake ni ipi mpaka aangalie hukumu hizi zilitoka wapi.

Chanzo chake ni soko la Madina. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Mwenye nafaka akadai kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiiweke ile mbichi juu watu wakaiona, kisha Mtume akamkana kila mwenye kughushi kuwa si katika watu wake. Angalia vizuri, ndugu msomaji: mtu yule hakusema uongo wowote. Hakuulizwa, naye hakusema. Kosa lake lilikuwa ni mpangilio wa rundo.

Jambo la pili lilihusu mnyama aliyefungwa kiwele. Wafugaji walikuwa wakimfunga ngamia au kondoo siku kadhaa bila ya kumkama, ili siku ya mnada kiwele kijae na mnunuzi adhani kuwa huyo ni mwenye maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) alilikataza hilo, na akampa mnunuzi, baada ya kumkama, hiari ya kumshika au kumrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokwisha kuyatumia. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Imamu Abu Hanifa (Mwenyezi Mungu amrehemu) hakuifanyia kazi kwa dhahiri yake, kwa kuiona inapingana na kanuni za dhamana, na mjadala wake ni mrefu. Sisi Mashafi tumeishika kama ilivyokuja, na juu yake ndipo umejengwa mlango mzima.

Na Maswahaba waliutekeleza sokoni kwa namna ambayo leo mtu angeiona ni ya ajabu. Imepokewa kuwa mtu mmoja alinunua ngamia mbele ya Wathila bin Al-Asqai (r.a.), akaondoka naye. Wathila akamfuata mbio, akamuuliza kama anamtaka kwa nyama au kwa safari. Alipoambiwa kuwa ni kwa safari ya Hija, alimjulisha kuwa ngamia huyo ana tundu katika unyayo na hatoweza kuendelea na mwendo. Muuzaji akamlaumu kwa kumharibia biashara yake. Wathila akajibu kwa yale aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.), kwamba si halali kuuza kitu bila ya kubainisha kilichomo, wala si halali kwa mwenye kujua kunyamaza. Hukumu hiyo ya pili ni nzito kwa mafundi wetu. Fundi wa gereji anayelijua gari kuwa lilipinduka, naye amesimama pale linapouzwa huku amenyamaza, anaingia ndani yake hata kama hakupata senti moja.

Miaka mia sita na zaidi baada ya Hijra, Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H., sawa na 1277) aliifupisha Al-Muharrar ya Imamu Rafii akatoa Minhaj at-Talibin. Kitabu hiki ndicho kilichofika pwani yetu pamoja na sherehe zake, Tuhfa ya Ibn Hajar na Nihaya ya Ramli, kikasomeshwa Lamu, Mombasa, Unguja na visiwani humu, na makadhi wakahukumia kwacho. Hata mahakimu wa Kiingereza walikitegemea katika tafsiri ya mwaka 1914. Ndani yake Nawawi hakuishia kwenye kiwele. Alitaja na mifano mingine: mwenye mfereji au kinu cha maji huyazuia maji siku nyingi, kisha huyafungulia wakati mnunuzi amesimama, kinu kikazunguka kwa nguvu ambayo si yake. Akataja na wauza watumwa waliopaka uso wekundu na nywele weusi ili aliyechoka au kuzeeka aonekane kijana. (Vitabu viliandikwa zama za utumwa, na pwani yetu ni shahidi wa zama hizo. Tunachokichukua hapa ni hukumu ya hadaa.) Katika yote haya mnunuzi ana khiari ya kurudisha.

Nani asiyekiona kinu hicho leo? Injini iliyokwisha hutiwa oili nzito na dawa ya kuzuia moshi, ikatulia siku mbili tatu. Huwashwa asubuhi na mapema kabla mnunuzi hajafika, ili asiisikie inavyogoma ikiwa baridi. Taa ya dashibodi inayoonya hukatwa waya. Kilomita hurudishwa nyuma, laki mbili na nusu zikawa elfu themanini. Bodi iliyopigwa hunyooshwa na kupakwa rangi juu ya puti. Haya yote ni maji ya kinu. Ni kitendo kilichofanywa katika kitu chenyewe ili kionekane kwa sifa isiyokuwa yake, na mnunuzi akiongeza bei kwa ajili ya sifa hiyo, khiari yake imethibiti.

Wazee wetu wa baharini walikuwa na kinu chao. Chombo kikuukuu kilichokuwa kikivuja kilitiwa kalafati mpya na kupakwa sifa na shahamu mpaka kikang'aa, na mbao zilizoliwa na wadudu zikajificha chini yake. Ndiyo sababu mtu mwenye akili hakununua jahazi lililo juu mchangani. Alitaka lishushwe, likae majini, kisha ashuke mwenyewe ngamani kuangalia maji yameingia kiasi gani. Hao hawakuwa wakisoma Minhaj wote, lakini walijua kuwa kitu huonekana kinapofanya kazi yake.

Sasa tuje upande wa pili, ambao watu hawaupendi. Nawawi huyo huyo, baada ya kinu na nywele, ametaja mtumwa aliyepakwa wino nguoni ili mnunuzi adhani kuwa anajua kuandika. Hapa, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, hakuna khiari. Kwa nini? Kwa sababu doa la wino si dalili ya kutegemewa. Mnunuzi angeweza kumpa kalamu aandike. Na katika Rawdha amesema kuwa mwenye kununua kigae cha kioo kwa bei kubwa akidhani ni johari hana khiari, kwani uzembe ni wake, hakuwarejea wajuzi. Vilevile katika najshi, yaani mtu kupandisha bei naye hana nia ya kununua ila kumchochea mwingine, mwenye kufanya ametenda haramu kwa hadithi sahihi, lakini mnunuzi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, hana haki ya kurudisha.

Haya ndiyo yanayowaumiza watu wetu wanaposhuka Dar es Salaam. Dalali anamwambia mgeni kuwa yuko mtu mwingine njiani na fedha mkononi, na simu inalia hapo hapo kuthibitisha. Gari lina vitambaa vipya vya viti, limepuliziwa manukato, limebandikwa nembo ya shirika kubwa, na inasemekana lilikuwa la mama mmoja aliyelitumia kwenda kazini tu. Yote hayo ni wino nguoni. Dhambi yake ni kwa mwenye kuhadaa, lakini atakayekwenda kwa kadhi na hoja hiyo peke yake atarudi mikono mitupu. Ukiuliza mbona sheria imekuwa kali kwa aliyedhulumiwa, jibu ni kuwa sheria haikufungua mlango wa kuvunja kila mauziano kwa kila mwenye kujuta. Imetaka mnunuzi naye afanye sehemu yake, na kuwarejea wajuzi ndiyo sehemu yenyewe. Anayeokoa shilingi elfu hamsini za fundi katika ununuzi wa milioni tisa ndiye huyo mwenye kununua kioo.

Na hapa tusiwaonee madalali wote. Imepokewa kwa Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Qais bin Abi Gharaza (r.a.) kuwa wao walikuwa wakiitwa masamsari, na Mtume (s.a.w.) akawaita kwa jina bora zaidi, wafanyabiashara, akawausia waichanganye biashara yao na sadaka kwa kuwa haiepukani na viapo na maneno ya upuuzi. Kazi yenyewe ni halali. Lakini dola za Kiislamu hazikuiacha bila ya msimamizi. Shaizari, aliyeandika Sham katika karne ya 6 H. kitabu cha kumwongoza muhtasibu, amewawekea mlango maalumu madalali wa watumwa na wanyama. Asiuze dalali mpaka amjue muuzaji au amjulishe mtu anayemjua, na aliandike jina lake na sifa zake katika daftari, isije ikawa kinachouzwa kimeibwa. Na akijua kasoro ni lazima ambainishie mnunuzi. Daftari hilo leo ni kadi ya gari. Anayelipa kabla ya kulinganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyomo kwenye kadi, na kabla ya kuhakikisha TRA kuwa gari ni la anayeliuza wala halina deni, ameacha kitu ambacho soko la Sham lilikitaka miaka mia nane iliyopita.

Kuhusu kishika uchumba ambacho madalali hukidai kisirudi mtu akighairi, hiyo ni bai ya arabuni. Kwa Mashafi na wanavyuoni wengi haifai; Mahanbali wameijuzisha, na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa katika kikao chake cha nane, Brunei mwaka 1993, iliikubali kwa sharti la kuwekewa muda maalumu. Mwenye kutoa bila ya muda na bila ya maandishi hana kauli ya kumtetea.

Lililobaki ni lile neno "kama lilivyo". Neno hili lina umri mrefu. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kuwa Abdullah bin Omar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kuwa hausiki na kasoro yoyote. Mnunuzi akaja kulalamika kuwa ana maradhi ambayo hakutajiwa. Wakafikishana kwa Khalifa Uthman bin Affan (r.a.), naye akahukumu kuwa Abdullah aape kwamba alipomuuza hakuwa na maradhi anayoyajua. Abdullah akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake. Mtumwa akapona kwake, na baadaye akamuuza kwa 1,500. Basi sharti ile haikumfaa hata mtoto wa Omar bin Al-Khattab mpaka aongeze kiapo juu yake.

Kutokana na hukumu hiyo, Minhaj imesema kwa kauli iliyo dhahiri zaidi kuwa sharti la kujitoa humwepusha muuzaji na jambo moja tu: kasoro ya ndani, katika mnyama, ambayo muuzaji hakuijua. Imamu Shafi alieleza sababu, kuwa mnyama hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, na hali zake hubadilika, hivyo ni nadra kusalimika na kasoro iliyojificha. Je, gari ni mnyama? Wako waliojaribu kulilinganisha kwa kuwa injini nayo iko ndani haionekani. Mimi sioni kuwa kiasi hicho kinasimama. Chuma hakiumwi usiku mmoja kikapona mwingine, na kasoro yake hupimika na fundi mwenye vifaa. Kwa hiyo gari linabaki katika hukumu ya vitu visivyo na uhai, na neno "kama lilivyo", kwa kauli hii ya madhehebu yetu, halimwokoi muuzaji. Mahanafi wanalikubali sharti hilo kwa upana zaidi, na muuzaji akishikilia rai yao ana wa kumtegemea katika hukumu ya dunia. Katika kuficha anachokijua hana. Njia yake ya salama ni kuonyesha kwa kidole: hapa pamepigwa, gia ya tatu inaruka, kilomita hizi si za kweli. Aliyeonyeshwa akanunua hana la kusema.

Vipi basi mlango huu ukatutoka mikononi? Historia yake kwetu ni fupi. Mafia iliuzwa kwa Wajerumani pamoja na pwani mwaka 1890, Waingereza wakaiteka mwaka 1915, ikasimamiwa pamoja na Unguja mpaka 1922 ilipoingizwa Tanganyika. Utawala ulimwachia kadhi ndoa, talaka, mirathi na wakfu, na biashara ikahamia kwenye sheria ya Kiingereza. Tanganyika ilipata Sheria yake ya Mauzo ya Bidhaa mwaka 1931. Kadhi asiyeletewa kesi za biashara hana haja ya kuudurusu mlango wake, na mwanafunzi wake hana haja zaidi. Kisha magari yakaja. Mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila ya kuulizwa alikozipata, na katika miaka ya Rais Ali Hassan Mwinyi njia ikafunguka. Kule Japan ukaguzi wa lazima wa magari ni wa gharama, na wenyewe huona nafuu kuliuza la zamani. Usukani wao uko kulia kama wetu. Wapakistani waliohamia huko ni miongoni mwa walioikuza biashara hii, na sehemu yake ikapitia Dubai. Kwa hiyo gari linaweza kutoka kwa Muislamu, likapita kwa Muislamu, likauzwa na Muislamu kwa Muislamu, na katika safari yote hiyo isitajwe hadithi ya rundo la nafaka hata mara moja.

Sheria ya nchi nayo si adui hapa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na hakuna ubaya Muislamu kuitumia kupata haki ambayo dini yake imempa. Lakini awe na ushahidi.

Kwa mtu wa kisiwani, ushauri wa fiqhi ni kuwa asiitegemee khiari ya kasoro peke yake, bali aweke khiari ya sharti. Nayo ina asili katika hadithi ya Sahaba aliyekuwa akipunjwa katika biashara, Mtume (s.a.w.) akamfundisha aseme wakati wa kununua kuwa hakuna kuhadaana, na katika baadhi ya mapokezi akapewa siku tatu. Mashafi wameifanya siku tatu ndio mwisho wake. Basi iandikwe katika hati mbele ya mashahidi wawili kuwa mnunuzi ana khiari siku tatu, na siku hizo azitumie huko huko Dar es Salaam: fundi wake, si wa muuzaji, injini iwashwe ikiwa baridi, gari lipandishwe mlima likiwa na mzigo. Kulijaribu hakubatilishi khiari. Muuzaji anayekataa siku tatu amekwisha kusema habari za gari lake.

Na ikiwa kasoro imejitokeza baada ya kuvuka bahari? Kurudisha katika madhehebu yetu ni kwa haraka, yaani bila ya kuchelewa pasipo na udhuru. Watu wengi hupoteza haki yao hapa. Wanaigundua kasoro Jumatatu, wanaendelea kubeba abiria mpaka Ijumaa, kisha ndio wanadai. Minhaj imesema kuwa mwenye kumwachia mnyama tandiko lake mgongoni baada ya kuijua kasoro haki yake imebatilika, kwani hiyo ni dalili ya kuridhika. Basi gari liegeshwe siku hiyo hiyo. Akiwa muuzaji yuko mbali, mnunuzi alipeleke shauri kwa hakimu, na akiweza kushuhudisha ni lazima ashuhudishe: awaite waadilifu wawili, awaambie kuwa ameikuta kasoro kadha na amevunja mauziano, waandike tarehe na kutia saini. Kusubiri kivuko au bahari ichafukapo ni udhuru. Kuliendesha mpaka bandarini kwa ajili ya kulirudisha hakudhuru pia, kwani wanavyuoni wamemsamehe anayempanda mnyama mkaidi asiyevutika kwa kamba, na gari ni kaidi kuliko mnyama yeyote.

Likiwa limepata kasoro nyingine mikononi mwa mnunuzi, hawezi tena kumlazimisha muuzaji alipokee. Hapo, muuzaji asiporidhika kulichukua lilivyo, hurudi kwenye arshi, nayo ni sehemu ya bei kwa kadiri ya upungufu. Mfano, gari likiwa zima thamani yake ni milioni 10, na kwa kasoro ile ya zamani ni milioni 8, basi limepungua moja ya tano. Akiwa alilinunua kwa milioni 9, anarudishiwa moja ya tano ya bei hiyo, shilingi 1,800,000. Thamani hizo hukadiriwa na wajuzi wawili waadilifu wa magari, si na mnunuzi wala muuzaji, wala si na imamu wa msikiti. Wallahu aalam.